Kabla Mche Haujatoka Kitaluni: Mwongozo Kamili wa Kuwazindua Watu Kuhusu Mimea Vamizi ya Bustani

Mwaka 1847 chama cha kilimo na bustani cha Utrecht, Uholanzi, kiliutunuku nishani ya dhahabu mmea mmoja uliotoka Japani. Ulikuwa mrefu, wenye majani mapana na vishada vya maua meupe, na haukuhitaji kubembelezwa. Miaka mitatu baadaye ulifika kwenye bustani ya Kew, London. Leo mmea huo, Reynoutria japonica, unawanyima usingizi wenye nyumba wa Uingereza. Unachomoza kwenye nyufa za lami, unakwamisha mauzo ya nyumba, na kipande cha mzizi kisichofika hata gramu moja kinatosha kuotesha mwingine. Haukuingia kwa magendo. Uliuzwa na wenye vitalu, ukanunuliwa na watu waliopenda bustani zao.

Kisa hicho ndicho ninachoanza nacho kila ninapoombwa kusema juu ya mimea vamizi, kwa sababu hakina mtu mwovu. Muuzaji aliuza kilichopendwa, mnunuzi akapanda kilichompendeza. Ukitaka kubadilisha hali lazima ufike pale wawili hao wanapokutana, na ufike na kitu mkononi.

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuianza kazi hiyo: mpenda bustani, mwalimu, kikundi cha mazingira, hata mwenye kitalu mwenyewe. Huhitaji shahada ya botania. Unahitaji subira, daftari, na uwezo wa kumsikiliza mtu asiyekubaliana nawe.

Hatua ya 1: Jua unachokipinga, na usichokipinga

Mmea mgeni na mmea vamizi ni vitu viwili. Mgeni ni mmea wowote uliohamishwa na binadamu kutoka kwenye makao yake ya asili. Vamizi ni yule mgeni aliyeanza kuzaliana mwenyewe bila kutunzwa, akasambaa, na akaleta hasara kwa viumbe wengine, kwa mifugo, kwa maji au kwa watu. Ripoti ya mwaka 2023 ya IPBES, jopo la kimataifa la bioanuwai, ilitaja zaidi ya spishi 37,000 za viumbe zilizohamishwa na binadamu duniani, na kati ya hizo zaidi ya 3,500 ndizo zilizothibitika kuwa vamizi na zenye madhara. Kwa mimea peke yake ni kama 6 katika kila 100.

Ishike vizuri takwimu hiyo, maana itakulinda. Ukisimama mbele ya watu na kusema kila mmea wa nje ni hatari, mwenye mawaridi atakucheka, na atakuwa na haki. Madai yako ni madogo zaidi na yana nguvu zaidi: kuna mimea michache, inayojulikana kwa majina, ambayo haifai kuuzwa hapa.

Mbona basi ni bustani zinazosumbua? Soma kibao cha kuuzia mmea wowote maarufu: unakua haraka, hauliwi na wadudu, unavumilia ukame, unachanua muda mrefu, unashika kwa kipandikizi tu. Sasa jiulize mmea gani utashinda msituni. Ni huo huo. Tunachagua kwa makusudi mimea yenye tabia za uvamizi, kisha tunaizalisha kwa maelfu na kuisambaza kila mtaa. Lantana camara ilitoka Amerika ya kitropiki, wakulima wa maua wa Ulaya wakaizalisha kwa rangi mamia kwa mamia, ikapelekwa kupambia nyua katika nchi nyingi za joto. Ndege wakala matunda yake. Leo inaziba malisho, na majani yake yanawadhuru ng'ombe ini.

Jambo la pili la kulijua ni usingizi. Mmea unaweza kukaa bustanini miongo mingi ukiwa mpole kama kondoo, kisha ukaamka. Huko Brandenburg, Ujerumani, uchunguzi wa miti na vichaka vilivyoletwa kutoka nje ulionyesha kwamba kati ya kupandwa kwa mara ya kwanza na kuanza kuenea wenyewe ilipita wastani wa miaka 147. Kwa hiyo mtu atakapokwambia, "Bibi yangu aliupanda na haujawahi kusumbua," usimwite mwongo. Anasema kweli. Ila ukweli wake haufiki mbali kama anavyodhani.

Hatua ya 2: Tengeneza orodha fupi, fupi kweli

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, na yangu ya kwanza ilifia hapo hapo. Nilichapa kipeperushi chenye mimea 22, kila mmoja na aya yake. Mwezi mmoja baadaye niliwauliza watu kumi waliokichukua wanitajie mmea mmoja tu. Wawili walijaribu, mmoja akakosea. Toka siku hiyo sizidishi mitano.

Namna ya kuipata mitano hiyo:

Anza na sheria. Nchi nyingi zina orodha ya mimea iliyopigwa marufuku au inayodhibitiwa, mara nyingi chini ya wizara ya kilimo au ya mazingira. Afrika Kusini ilitoa orodha za namna hiyo mwaka 2014, zenye makundi: mingine ing'olewe, mingine ihitaji kibali, mingine iliyopo ibaki lakini isiuzwe wala isipandwe upya. Umoja wa Ulaya ulianza na spishi 37 za mimea na wanyama mwaka 2016, na orodha hiyo imekuwa ikirefuka. Kama mmea umo kwenye orodha ya nchi yako na bado unauzwa, huo unapanda juu kabisa ya orodha yako.

Halafu tumia kumbukumbu zilizo wazi kwa wote. GBIF hukusanya taarifa za mahali spishi zilipoonekana duniani. Hifadhidata ya viumbe vamizi ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, inaeleza madhara na njia za kuenea. Angalia hasa nchi zenye hali ya hewa kama ya kwenu: mmea uliovamia mahali penye mvua na joto kama lenu ni onyo bora kuliko ubashiri wowote.

Kisha toka nje. Tembea kingo za mto, pembezoni mwa msitu, viwanja vilivyoachwa, na kando ya reli. Ukiukuta mmea wa bustani umejiotea pale ambapo hakuna aliyeupanda, hasa kama kuna miche midogo kuuzunguka, andika. Piga picha nne: mmea mzima, jani pande zote mbili, ua, na tunda au mbegu. Picha ya ua peke yake imewapotosha watu wengi.

Usitangaze chochote kabla mtaalamu wa mimea hajakuthibitishia jina. Hifadhi za mimea iliyokaushwa kwenye vyuo vikuu na makumbusho huwa na watu wanaofurahi kuulizwa, na programu ya iNaturalist inaweza kukusaidia kwa hatua ya mwanzo. Kosa moja la utambuzi, ukimlaumu muuzaji kwa mmea usio na hatia, litakugharimu miaka miwili ya imani.

Katika kuchuja, mimi huuliza maswali matatu. Je, mmea unauzwa sasa hivi? Kama hauuzwi tena, kampeni ya vitaluni haiuhusu. Je, madhara yake yanaonekana kwa macho ya mtu wa kawaida? Na je, upo mmea mwingine unaoweza kushika nafasi yake? Usipolijibu la tatu, uweke kando kwanza hata kama ni hatari. Hilo linawaudhi wanaharakati wenzangu, najua. Lakini kumwambia mtu "acha" bila kumwonyesha cha kuchukua ni kumwachia njia moja tu, nayo ni kukupuuza.

Hatua ya 3: Tembelea vitalu kabla ya kusema neno

Panga wiki mbili za kuzunguka. Chagua vitalu vya kila aina: vikubwa, vya kando ya barabara, vya taasisi, wauzaji wa mimea ya mabwawa na matangi ya samaki, na kurasa za mitandaoni ambako watu huuziana vipandikizi. Wa mwisho hao usiwasahau. Wanachouza hakionekani barabarani, lakini kinafika mbali, na mara nyingi hakina jina lolote zaidi ya "mmea mzuri wa zambarau".

Kwa kila kitalu andika: tarehe, mimea ya orodha yako iliyopo, jina linalotumika kuuzia, jina la kisayansi kama limeandikwa, wingi wa kukadiria, na mahali miche ilikotoka kama muuzaji yuko tayari kusema. Majina ya biashara ndiyo mtego. Mmea mmoja unaweza kuwa na majina matano ya mapambo, na jina moja likabeba mimea mitatu isiyohusiana. Jina la kisayansi lenye maneno mawili ndilo peke yake lisilobadilika unapotoka kitalu kimoja kwenda kingine, kwa hiyo lizoee hata kama ulimi unakataa.

Tazama pia kilicho chini ya chungu. Mbegu na vipande vya mizizi husafiri ndani ya udongo wa mche usio na kosa lolote, na gugu la majini huja limejificha kwenye yungiyungi.

Fanya haya kwa uwazi. Akikuuliza unaandika nini, mwambie. Niliwahi kujifanya mnunuzi, nikagundulika, na mlango wa kitalu kile haukunifungukia tena.

Hatua ya 4: Tafuta mbadala kwa kazi, si kwa sura

Mtu hanunui spishi. Ananunua kivuli, ua wa kumficha na majirani, harufu ya jioni, rangi mbele ya dirisha, au kitu kitakachoota pale ambapo kila kitu kimekufa. Kwa kila mmea wa orodha yako andika kazi yake, kisha tafuta mimea miwili ya asili ya eneo lenu, au ya kigeni isiyo na historia ya uvamizi, inayofanya kazi hiyo hiyo.

Kuwa mkweli kuhusu mapungufu. Mti wa asili wa kivuli ukichelewa miaka mitatu zaidi ya ule vamizi, sema hivyo, kisha toa dawa yake: auanze ukiwa mkubwa kidogo, au apande kitu cha muda pembeni. Mnunuzi aliyedanganywa mara moja harudi.

Halafu ulizia: mbadala huo unapatikana wapi? Jibu likiwa "hakuna anayeuza", kazi yako ya kwanza si kampeni. Ni kutafuta mbegu, kumtafuta mwenye kitalu mmoja aliye tayari kujaribu, na kumwahidi wanunuzi. Kikundi chenye watu 30 watakaochukua miche miwili kila mmoja ni oda ya miche 60, na oda huongea lugha ambayo kila mfanyabiashara anaielewa.

Hatua ya 5: Kaa chini na mwenye kitalu

Nenda siku isiyo na wateja wengi. Msimu wa kupanda usimsogelee. Anza na swali, na umsikilize. Mazungumzo yangu moja ambayo nayakumbuka yalikwenda hivi:

"Shikamoo, mama. Huu unauzika?"

"Marahaba, mwanangu. Huo? Ndio unaonilipia maji. Watu hawataki mwingine."

"Wanautakia nini hasa?"

"Ua. Wanataka ukuta wa majani ndani ya mwaka."

"Nikikuletea mwingine unaofunga ua ndani ya mwaka na nusu, utaupa nafasi mbele?"

Alicheka. "Nusu mwaka hiyo utawalipia wewe?"

Hakukataa, alitaja bei ya kukubali. Tuliishia kukubaliana kwamba nilete kibao kinachoeleza kwa nini ule mwingine unadumu zaidi na haupogolewi kila wiki, naye auweke mbele kwa msimu mmoja. Mche wa zamani haukufichwa, ulirudishwa nyuma tu. Msimu uliofuata aliagiza nusu ya kawaida. Mambo huenda hivyo, kwa nusu nusu.

Utakutana na pingamizi nne karibu kila mahali.

"Wateja wanautaka." Kweli. Lakini mteja hutaka pia kile alichokiona mbele, chenye maua, chenye kibao. Mpangilio wa kitalu unauza kuliko tunavyodhani.

"Aina hii haizai, ni tasa." Pingamizi hili linastahili heshima, kwa sababu aina tasa zipo. Ila kuna kisa cha peasi la mapambo, Pyrus calleryana, aina iitwayo 'Bradford', lililotolewa rasmi Marekani mwaka 1963. Peke yake halikuweza kujichavusha, kwa hiyo halikuzaa matunda ya maana. Baadaye wenye vitalu walileta aina nyingine za spishi ile ile, nyuki wakabeba chavua kutoka moja hadi nyingine, na ule utasa ukaisha. Miche yenye miiba ikajaa mashamba na kando za barabara. Ohio ilipitisha kanuni dhidi yake mwaka 2018 na marufuku ya kuuza ikaanza mwaka 2023. Carolina Kusini ilifuata mwaka 2024. Kwa hiyo muulize muuzaji: tasa kwa kuwa hautoi mbegu kabisa, au tasa kwa kuwa hajapata mwenzake? Na je, mzizi au pingili yake ikitupwa haioti?

"Vipepeo wanaupenda." Hutajwa sana kwa Buddleja davidii, kichaka cha kutoka China. Ni kweli vipepeo hunyonya nekta yake. Lakini kipepeo huanza akiwa kiwavi, na viwavi wengi hawali majani hayo. Kichaka kimoja kikubwa huweza kutoa mbegu mamilioni, nyepesi kama vumbi. Anayewapenda vipepeo apande pia mimea wanayotagia mayai.

"Umeshajaa kila mahali, nikiacha kuuza itasaidia nini?" Hili ni gumu, na jibu la haraka halifai. Mimi husema: umejaa bondeni, lakini juu kule haujafika. Kila mche unaouzwa ni mlango mpya sehemu ambayo mbegu ya bondeni ingechukua miaka kuifikia.

Mwishoni omba jambo moja dogo lenye tarehe. "Maliza hii iliyopo, usizalishe mingine baada ya mwezi fulani" ni ombi ambalo mtu anaweza kulitimiza bila kufilisika. Kumtaka atupe akiba yote leo ni kumtaka alipie kosa ambalo si lake peke yake. Hata Ohio ilitoa miaka mitano. Akikubali, mwandikie cheti au kibao cha kutundika, na umtaje hadharani kwa wema. Aliyekataa usimtaje.

Hatua ya 6: Andika ujumbe wa mnunuzi

Kanuni yangu: mmea mmoja, picha moja, madhara mamoja, mbadala mmoja. Basi.

Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Spishi vamizi zinahatarisha bioanuwai na huduma za mifumo ikolojia, tuchukue hatua." Hakuna aliyewahi kuacha kununua mche kwa sababu ya sentensi hiyo. Ya pili: "Ua hili la zambarau linaelea vizuri bwawani kwako. Mvua ikilisukuma mtoni, linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Chukua yungiyungi la asili badala yake." Ya pili inamwonyesha mtu bwawa, mvua, mto na cha kuchukua.

Mmea ninaousema hapo ni gugumaji, lililotoka bonde la Amazoni na kusambazwa duniani kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Ziwa Victoria lilikuja kulijua mwishoni mwa miaka ya 1980. Zulia lake lilifunga bandari, likawazuia wavuvi kutoka, likakata mwanga na hewa majini. Ilibidi waletwe wadudu wa jamii ya fukusi, Neochetina, kulipunguza. Kwa mtu aliyewahi kuona mtumbwi umekwama kwenye majani, huhitaji takwimu. Palipo na tukio la aina hiyo karibu na wasomaji wako, litumie hilo kabla ya lolote la ng'ambo.

Chunga mambo matatu katika uandishi. Kwanza, usitie chumvi. Mmea ukiwa unadhuru mifugo, usiseme unaua watu. Pili, achana na lugha ya vita na ya kuwachukia wageni. Neno "vamizi" lenyewe tayari ni kali, na ukiliongezea "wageni warudi kwao" utajikuta unasema kitu kingine kabisa, na wapo watakaokushangilia kwa sababu usizozipenda. Tatu, usimwaibishe aliyekwisha kuupanda. Msomaji wako mkuu ni yeye. Mwambie la kufanya Jumamosi hii: kata maua kabla hayajawa mbegu, usimpe jirani kipandikizi, na panga kuung'oa kabla ya mvua.

Kibao cha kitaluni kiwe kikubwa kusomeka hatua mbili mbali, kivumilie maji, na kisimame mbele ya mbadala. Hapo ndipo mkono wa mnunuzi unapotakiwa kufika. Kibao cha onyo kilichosimama mbele ya mmea vamizi nimekiona kikiongeza mauzo yake. Watu walisimama kukisoma, wakaupenda.

Hatua ya 7: Wafikie watu walipo

Siku moja kitaluni, mwenyeji akiwa mwenye kitalu mwenyewe, inazidi semina tano ukumbini. Weka meza, miche ya mbadala, na tawi la mmea vamizi lililofungwa ndani ya mfuko angavu ili watu walitambue bila kulisambaza. Tawi lisiwe na mbegu.

Mpango wa kubadilishana hupendwa sana: mtu ang'oe mmea vamizi, apewe mche wa asili. Huko Carolina Kusini chuo kikuu cha Clemson kimefanya hivyo kwa lile peasi la 'Bradford'. Anayeleta picha za mti aliouangusha hupata miche ya miti ya asili. Zingatia neno hilo, picha. Usiwaambie watu waubebe mmea wenyewe, maana utakuwa umepanga msafara wa mbegu kutoka kila mtaa hadi kwenye meza yako.

Redio za jamii, makundi ya WhatsApp ya mtaa, shule na nyumba za ibada zote zinafaa, na kila moja ina lugha yake. Shuleni wape watoto kazi ya upelelezi: watafute mimea mitatu ya orodha njiani, wapige picha au wachore. Watoto huuliza nyumbani maswali ambayo mtu mzima hawezi kuyakwepa. Wasanifu wa bustani na mafundi wanaopanda mbele ya majengo makubwa wape mkutano wao peke yao. Mmoja wao huagiza miche kwa mamia, na akibadili chaguo lake umeokoa miaka ya vipeperushi.

Hatua ya 8: Fundisha kuutupa

Kampeni ikifaulu, watu wataanza kung'oa, na hapo madhara mapya yanaweza kuzaliwa. Waeleze mapema:

Mmea unaoota kwa vipande vya mzizi au shina hauingii kwenye mboji wala hautupwi korongoni. Mimea ya majini ianikwe mbali na maji hadi ikauke kabisa. Vichwa vya mbegu vikatwe na kufungwa kwanza, ndipo shina liguswe. Tangi la samaki lisimwagwe mtoni. Mingine inadhuru ngozi: utomvu wa Heracleum mantegazzianum ukikutana na jua husababisha malengelenge mabaya, kwa hiyo glavu na mikono mirefu ni lazima. Nchi nyingine zina sheria za usafirishaji na uchomaji wa mabaki hayo. Ulizia kwa afisa ugani au ofisi ya mazingira kabla ya kuwasha moto.

Na kisiki kirudiwe kutazamwa. Mmea uliokatwa mara moja, kwa spishi nyingi, umepogolewa tu.

Hatua ya 9: Wakati wa kwenda kwa mamlaka

Mmea uliopigwa marufuku ukiendelea kuuzwa baada ya mazungumzo mawili, toa taarifa, kwa maandishi, na picha na tarehe. Kwa mimea isiyo kwenye sheria bado, daftari lako la hatua ya 3 ni ushahidi unaoweza kuusaidia uorodheshwe. Serikali nyingi zimejifunga kwenye makubaliano ya bioanuwai ya Kunming-Montreal ya mwaka 2022, ambayo lengo lake la 6 linataka kasi ya kuingizwa na kujikita kwa spishi vamizi ipungue kwa angalau asilimia 50 ifikapo 2030. Taja lengo hilo kwenye barua yako. Maafisa hujibu haraka zaidi wanapoona ahadi ya nchi yao wenyewe.

Mwenye kitalu aliyekubaliana nawe aitwe kwenye kikao hicho. Yeye aliyeacha kuuza kwa hiari anaumia jirani yake anapoendelea, na sheria inayowabana wote sawa inamlinda.

Hatua ya 10: Hesabu miche

Vipeperushi vilivyogawiwa, watu waliohudhuria, picha zilizopendwa mtandaoni: vyote hivyo vinapima jasho lako tu. Rudi kwenye vitalu vile vile, mwezi ule ule wa mwaka unaofuata, na daftari lile lile. Ni vitalu vingapi bado vinauza kila mmea? Mbadala umeingia kwenye vingapi? Umewekwa mbele au nyuma?

Ongeza kipimo kimoja cha upande wa wanunuzi: simama mlangoni nusu siku, waulize wanaotoka wakutajie mmea mmoja wasiopaswa kununua na mmoja wa kuchukua badala yake. Ishirini wanatosha. Wakikutajia wa kwanza bila wa pili, ujumbe wako umekuwa wa katazo tupu, na unarudi hatua ya 4.

Mwaka wa kwanza tegemea kidogo. Katika mzunguko wangu wa pili, mmea mmoja kati ya mitano ulikuwa umetoweka kwenye vitalu vingi, miwili ilikuwa imepungua, mmoja haukutikisika, na wa tano ulikuwa umeongezeka kwa sababu umebadilishwa jina. Niliandika jina jipya pembeni ya lile la zamani, nikamwuliza muuzaji miche ile ameitoa wapi.